Njia Ile Haikuishia Ujiji
Maneno juu ya kutembelea mahali pa kazi ya zamani, na juu ya Nyangwe yetu

Siku hizi watu wengi wanapenda kwenda kutazama mahali pa kazi ya zamani. Katika Ulaya na Marekani wanatunza shimo la madini lililokwisha, kinu cha sukari, stesheni ya treni ya kwanza, karakana ya wahunzi. Wanapanga vyombo vya kazi, wanabandika maandiko ukutani, na mgeni analipa feza kidogo apate kuingia. Kazi hiyo ni njema. Mtu asiyejua jasho la waliomtangulia hawezi kula matunda yao kwa shukrani. Lakini si kila mahali palipotunzwa panasema kweli yote. Ukuta wa zamani unaweza kudanganya sawasawa na mtu.

Tunataka basi kupima hapa ile njia kubwa ya pembe na ya watumwa, iliyounga bahari ya Unguja na mto Lualaba. Mahali pengi pa njia ile pametunzwa na panatembelewa na wageni kila mwaka. Tutauliza maulizo mawili. La kwanza: mgeni anayefika hapo anaonyeshwa nini, na nini haonyeshwi? La pili: na Nyangwe yetu, ikumbukwe namna gani? Neno hili linatuhusu sisi watu wa Kasongo na wa Kabambare kuliko wengine wote, kwa sababu karakana ya njia ile ilikuwa kwetu.

I. Nyangwe ilikuwa mahali pa kazi gani?

Wengi wakisikia jina la Nyangwe wanafikiri bunduki na minyororo tu. Ni kweli, lakini si yote. Kabla ya bunduki palikuwa na soko. Wangwana waliotoka pwani na Tabora walipojenga makao yao hapo, katika miaka ya 1860, juu ya ukingo wa kuume wa Lualaba, hawakujenga katika pori tupu. Wenyeji wa ngambo zote mbili walikuwa na desturi yao ya kukutana siku za soko, na hata watu wenye vita kati yao waliheshimu siku hiyo.

Livingstone alifika Nyangwe mwisho wa mwezi wa tatu wa mwaka 1871. Alitoka Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, na huko vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza miezi mingi. Akakaa Nyangwe karibu miezi minne akitafuta mitumbwi ya kuvukia, wala hakuipata. Kwa hiyo alikwenda sokoni mara kwa mara, akatazama, akahesabu watu. Siku nyingine walizidi elfu moja na mia tano, na walio wengi walikuwa wanawake. Walileta samaki, vyungu, chumvi, mihogo, mafuta ya mawese, kuku, pilipili, na nguo za majani zilizofumwa. Mwanamke alibeba mzigo mzito kichwani, akatembea toka alfajiri, akabishana bei kwa furaha, kisha akarudi kwake na kitu kingine. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya Nyangwe, na bado ni kazi ya mama zetu.

Juu ya soko hilo Wangwana waliweka kazi yao wenyewe. Walilimisha mashamba ya mpunga kwa mikono ya watumwa. Walikusanya pembe, nyingine kwa kununua, nyingine kwa kuchoma vijiji na kuteka watu ili ndugu zao wawakomboe kwa pembe. Pembe ilipimwa kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi mwenye nguvu alichukua frasila mbili. Kutoka Nyangwe alipita Kasongo na Kabambare, akavuka ziwa Tanganika, akafika Ujiji, kisha Tabora, kisha Bagamoyo, na kutoka hapo mashua ilimaliza safari mpaka Unguja. Nako Unguja palikuwa na matajiri, kama yule Mhindi Taria Topan, waliokopesha bidhaa kwa safari za Tippu Tip. Mwisho pembe zilivuka bahari kuu. Huko Connecticut, katika Marekani, kuna mji unaoitwa Ivoryton, na jina lake limetoka katika pembe, kwa sababu watu wake walizichonga ziwe vitana na vibao vya piano.

Hesabu sasa mikono ya kazi ile: mwindaji wa tembo, mwanamke wa soko, Mgenya mwenye mtumbwi, mtumwa wa shamba la mpunga, mpagazi, Mngwana mwenye bunduki, tajiri wa Unguja, mchonga vitana wa Marekani, na msichana wa Ulaya aliyejifunza piano bila kujua vibao vile vimetoka wapi. Mahali pa kazi pametunzwa vizuri pale ambapo mikono hii yote inaonekana, kila mmoja kwa kadiri yake. Pakionekana mkono mmoja tu, hata kama nyumba imepakwa chokaa vizuri, kazi haijaonekana. Hicho ndicho kipimo chetu.

II. Tupime mahali patatu palipotunzwa

Tuanze na Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapo mwaka 1868, wakaanzisha misioni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwezi wa pili wa 1874 maiti ya Livingstone ililala hapo, baada ya kubebwa na watu wake safari ya miezi mingi. Leo misioni ile ina nyumba ya makumbusho, nasi tunawasifu walioitunza. Lakini mgeni mwenye akili asitosheke na habari ya mkombozi mwema tu. Aulize tena: yule mtumwa aliyekombolewa kwa feza ya wasadaka wa Ulaya, kesho yake aliamkia wapi? Aliamkia shambani. Waliokombolewa walilima mashamba ya misioni, walipangiwa saa za kazi, saa za sala, na hata ndoa zao zilipangwa na wengine. Hatusemi kwamba huo ulikuwa utumwa tena. Tunasema kwamba nao walikuwa wafanya kazi, na kazi yao inastahili kuandikwa pamoja na sadaka za waliowakomboa. Eklezya haipungukiwi kitu ikisema kweli juu ya nyumba yake yenyewe.

Twende Unguja. Soko la watumwa lilifungwa kwa mapatano ya mwezi wa sita 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza. Mwaka ule ule Waanglikana walianza kujenga kanisa lao mahali pale pale. Nje ya kanisa kuna sanamu za watu watano wamesimama katika shimo, na minyororo ya kweli shingoni. Zilitengenezwa na Clara Sörnäs mwaka 1998. Ni kazi nzuri. Hazipigi kelele, hazina Mzungu wa kuokoa, hazina Mwarabu wa kutisha. Mgeni anasimama juu yao na kuwatazama chini, na hapo anaona haya, kwa sababu amesimama pale pale aliposimama mnunuzi.

Lakini karibu na hapo wageni wanaonyeshwa vyumba vya chini, vyembamba na vya giza, wakiambiwa kwamba watumwa walifungwa humo wakingojea mnada. Wenye elimu ya historia wamepinga neno hilo. Wanasema kwamba nyumba iliyo juu ya vyumba hivyo ilijengwa baada ya soko kufungwa. Utasema: kuna ubaya gani, maana watumwa waliteswa kweli? Ubaya ni huu: siku mgeni atakapogundua kwamba chumba si chenyewe, atakuwa na mashaka hata juu ya soko lililokuwapo kweli. Mateso ya kweli hayahitaji nyongeza. Wakatekista wanajua jambo hili. Anayetia chumvi katika maisha ya watakatifu, mwisho watu hawasadiki hata miujiza iliyoandikwa katika Injili.

Tufike sasa Ujiji. Katika makumbusho ya hapo kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Livingstone na Stanley, wanasalimiana kwa kuvua kofia. Ndivyo walivyokutana mwaka 1871. Lakini Stanley mwenyewe aliandika kwamba mtu wa kwanza kumsalimu siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Ndiye Susi pamoja na Chuma waliokuja kuongoza wale waliobeba maiti ya bwana wao mpaka pwani. Kwa hiyo sanamu zile mbili zimeonyesha kufika tu, hazikuonyesha safari. Wageni wawili wanasalimiana, na waliobeba mizigo yao hawapo. Kwa kipimo chetu, Ujiji ni ya mwisho katika hizi tatu.

III. Orodha iliyoishia ziwani

Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliandikisha njia hii katika orodha ya kungojea ya UNESCO, ili siku moja ihesabiwe kati ya urithi wa ulimwengu. Mahali sita paliandikwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Soma orodha ile polepole. Inaanza baharini na kuishia ziwani. Anayeisoma bila kujua habari za kwetu atafikiri kwamba pembe na watu walitoka katika maji ya Tanganika kama samaki.

Hatuwalaumu Watanzania. Kila serikali inaandikisha vitu vya inchi yake, na wao walifanya yaliyo yao. Lakini mpaka uliochorwa na Wazungu baada ya 1885 haukuwapo wakati wa wapagazi. Njia iliyokatwa katikati inasema nusu. Inaonyesha bohari na mlango wa kutokea, lakini karakana yenyewe, mahali ambapo pembe ilipatikana na mtu akageuzwa bidhaa, imebaki nje ya hesabu. Nyangwe, Kasongo na Kabambare haziko katika orodha hiyo. Kuziunga na njia yao ni kazi ya Wakongomani.

IV. Kumbukumbu za Nyangwe zilizo mbali na Nyangwe

Kuna neno lingine la kushangaza. Kumbukumbu kubwa za Nyangwe na za Kasongo ziko ng'ambo ya bahari.

Ya kwanza ni daftari ya Livingstone ya mwaka 1871, iliyotunzwa huko Scotland. Hakuwa tena na karatasi wala wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, kwa rangi iliyopatikana kwa mimea ya kwetu. Rangi ile ilififia, maandishi hayakusomeka vema zaidi ya miaka mia moja, mpaka wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipoyapiga picha kwa mianga ya namna nyingi, mwaka 2010 na 2011. Humo mna habari ya tarehe 15 ya mwezi wa saba 1871. Siku ile ilikuwa joto, soko limejaa. Watu watatu wa Dugumbi, mkubwa mmoja wa Wangwana, waliingia na bunduki, mmoja akabishana bei ya kuku, kisha risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazuiana katika mlango mwembamba wa mto, wengine wakajitupa majini wakaogelea mpaka nguvu zikawaishia. Wangwana wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye kurudi Ujiji, na habari yake ilipofika Uingereza ilisaidia kuleta yale mapatano ya 1873. Tena maandishi yaliyosomeka upya yalipolinganishwa na kitabu kilichotolewa mwaka 1874 baada ya kifo chake, wataalamu waliona tofauti, hata wakauliza kama baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe walikuwa na mkono katika ukali wa siku zile. Shahidi mwema naye apimwe. Ndiyo desturi ya haki.

Ya pili ni mnara wa Blankenberge, mji wa pwani ya Ubelgiji, uliosimamishwa mwaka 1900. Unawakumbuka Lippens na sajini De Bruyne, waliouawa Kasongo mwaka 1892. De Bruyne alikuwa mzaliwa wa mji ule. Waliletwa na Leta, na De Bruyne alikataa kumwacha mwenzake apate kujiokoa yeye. Uaminifu huo tunausifu. Lakini angalia: wafu wawili wa Kasongo wana mnara Ulaya, na mama zetu mia tatu na zaidi wa Nyangwe wanakumbukwa katika karatasi za gazeti.

Ya tatu ni sanamu ya Charles Samuel ya mwaka 1897, iliyo katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren. Inaonyesha mtu wa kwetu akimkinga mwanamke mbele ya Mwarabu. Mchongaji alikuwa na mkono mwepesi, lakini hesabu yake ina kasoro. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls na Leta ya Leopold mwenyewe. Na askari waliopiga Nyangwe na Kasongo mwaka 1893 wakiongozwa na Dhanis, wengi wao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye jana yake alikuwa akiteka watu kwa ajili ya Tippu Tip. Mwezi wa tisa mwaka ule ule Wabelgiji wakamwua Ngongo Lutete naye. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuata vita hivyo, aliandika kwamba mji wa Nyangwe uliokuwa na watu elfu nyingi ulibaki nyumba moja kubwa tu. Kisha ikaja kodi ya pembe na ya mpira, na watu waliotoka mikononi mwa Mngwana wakaingia mikononi mwa Leta. Mchongaji hakuwa na nafasi ya kuchonga hayo.

V. Neno gumu

Hapa mtu ataniambia: Padri, acha vidonda vilale. Kasongo na Nyangwe kuna Wakristo na Waislamu, wanauziana, wanaoana, wanazikana. Ukifukua mambo ya watumwa, utachochea moto.

Neno hili ni zito, na wanaolisema wanapenda amani. Tena ni kweli kwamba sisi wa Eklezya tuna sehemu yetu katika moto huo. Mwaka 1888 Papa Leo XIII aliandika kupinga utumwa, na Kardinali Lavigerie alihubiri Bruxelles, Londoni na Paris. Walisema haki. Lakini wakubwa wa Leta walichukua maneno yale matakatifu wakayafunga katika bendera yao, na katika mafundisho ya misioni neno «Mwarabu» likawa sawa na neno «mwuzaji wa watu». Wajukuu wa Wangwana, ambao walio wengi ni damu ya Maniema kama sisi, wamebeba jina hilo kwa zambi isiyo yao. Na babu za Wakristo wangapi walishika bunduki upande wa Ngongo Lutete?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliwaomba Wakristo na Waislamu waache magomvi ya zamani na wajitahidi kuelewana. Kuacha ugomvi si kufuta hesabu. Ndugu wawili waliogombania shamba la baba hawapatani kwa kusahau mpaka. Wanapatana wanapokwenda pamoja shambani, mchana, mbele ya wazee, na kuuonyesha. Mahali pa kazi pa zamani pakitunzwa kwa haki ndipo pa kuonyeshana mpaka. Pakitunzwa kwa upendeleo, ni afadhali majani yaote.

VI. Basi tufanye nini?

Hatuna feza za Tervuren, wala hatuzihitaji kwa kuanza.

Kwanza, tukumbuke soko kabla ya ngome. Anayetaka kumwonyesha mgeni Nyangwe asianze na nyumba za wakubwa, Dugumbi au Mwinyi Mohara. Ampeleke kwenye kivuko na sokoni, siku ya soko. Amweleze kazi ya wanawake, bei, mitumbwi, na siku ya tarehe 15 ya mwezi wa saba. Siku hiyo tunaweza kuwaombea wafu wale kila mwaka, nao majirani zetu Waislamu wawaombee kwa desturi yao.

Pili, tuheshimu Tongoni. Mji wa kale wa Kasongo unaitwa Tongoni, na jina lenyewe ni fundisho, maana tongo ni mahali palipohamwa. Wachunguzi wa Kongo na wa Ubelgiji, pamoja na Noemie Arazi, wamechimba hapo kwa utaratibu na kuwasikiliza wazee, na mwaka 2020 walitoa habari ya kazi yao. Udongo ni kama kitabu: aliyeng'oa ukurasa hawezi kuurudisha. Kwa hiyo mtu asichukue tofali, shanga au vigae vya vyungu kwa mchezo au kwa kuuza. Katekista anaweza kuwaeleza watoto jambo hilo, nao watalishika kuliko watu wazima.

Tatu, tutunze chombo cha kazi kilichobaki kizima kuliko vyote, ndicho Kiswahili chenyewe. Lugha hii ililetwa Maniema na misafara, ikatumika kupima pembe na kuamuru watumwa. Kisha wapagazi, wanawake wa soko na watoto wao wakaifanya yao, na leo tunasali kwayo. Maneno ya kazi ile yangali yanasikika kwa wazee: majina ya mizigo, ya vipimo, ya vituo, ya vivuko. Mseminari akienda likizo, achukue daftari. Amwendee mzee Mkristo na mzee Mwislamu, awaulize habari ile ile moja, aandike kila mmoja alivyosema, pamoja na siku na mahali, wala asisahihishe kitu. Pale watakapotofautiana, aandike tofauti.

Daftari kumi za namna hiyo, zikiwekwa mahali pakavu katika misioni, zitamsaidia mgeni wa kesho kuliko sanamu mbili zinazovua kofia. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Likizo ijayo si mbali.